Kisogo cha Dresa

Jina lake silitaji. Si kwamba nimelisahau. Katika ukoo nilioolewa, mke hamtaji baba wa mumewe, wala hamtazami usoni, na mimi niliyevunja mengi katika maisha yangu, la kutaja sikulivunja. Nitamwita basi kama watu wote wa Igamba walivyomwita kabla hajawa mkwe wangu: Dresa. Kazi yake ilikuwa kusafisha vidonda na kugawa kwinini katika zahanati ya udongo iliyokuwa njia panda ya kwenda misheni. Lakini ukimuuliza mtu wa umri wangu kuhusu Dresa, hatakusimulia vidonda. Atakusimulia michezo ya kuigiza, ambayo mzee huyo hakuitunga wala hakuicheza, ila aliihudhuria yote, kisha akasema inaumwa wapi.

Niseme mapema nilichokitaka kwake, maana mimi ni mtu wa haraka na kuzungukazunguka kunanichosha. Nilitaka aniandikie neno moja: "Mzima." Nilianza kulitaka nikiwa na miaka kumi na minane, na nilipoanza kuota mvi nilikuwa bado nalitaka. Wengine hutamani shamba la kahawa.

Enzi hizo za Mwingereza michezo ilikuwa mingi kuliko vijana wa leo wanavyodhani. Misheni ilikuwa na wa Krismasi na wa sikukuu ya wazazi. Bwana shamba alitaka tuigize namna ya kupanda kahawa kwa mistari. Vibarua wa godauni ya kahawa walikuwa na wao, wa kuwacheka wanyapara. Kila mahali ilipotandikwa mikeka na kutundikwa shuka la pazia, Dresa alifika na baiskeli yake, na nyuma ya baiskeli amefunga kigoda cha miguu mitatu.

Kigoda hicho hakukiweka mbele pamoja na wakubwa. Alikiweka pembeni, karibu kabisa na pazia, akakaa akiwapa wachezaji mgongo na kuwatazama watu. Mchezo mzima aliufuata hivyo, akisikia kwa masikio na kusoma nyuso za waliokuja. Walimu walichukia. Mwalimu Mkuu alimwambia ni utovu wa adabu kuwaonyesha watoto kisogo. Dresa akajibu kwamba mgonjwa humuulizi kama dawa ni chungu, unamtazama usoni akimeza. Miaka yote niliyomfahamu sikuwahi kumwona akigeuka kutazama mchezo. Hata Krismasi ile malaika alipoanguka kutoka juu ya meza akamvunja mchungaji wa kondoo jino, ukumbi wote ukasimama, yeye alibaki vilevile akiwahesabu waliocheka na walioziba midomo. Baada ya mchezo ndipo alipoomba aletewe lile jino.

Jumatatu asubuhi alibandika cheti mlangoni pa zahanati kwa kipande cha plasta. Kilikuwa cheti kama cha mgonjwa yeyote. Kile cha bwana shamba nakikumbuka mpaka leo: "Mgonjwa: Mchezo wa Kupanda Kahawa. Umri: saa mbili na nusu. Anaumwa: hotuba. Dawa: akatwe." Basi Jumatatu zahanati ilifurika watu wasio na homa wala kikohozi. Wasiojua kusoma walisomewa na wanaojua, na wanaojua waliongeza ya kwao. Mchezo ukiwa mzuri sana aliandika, "Anaendelea vizuri, arudi." Neno "Mzima" tulijua lipo, kwa sababu aliwaandikia wagonjwa wa kweli aliowaruhusu kwenda nyumbani. Hakuna mchezo uliowahi kulipata.

Mtu huyu alikuwa na mambo ya kugongana. Aliwakemea wanaotikisa miguu wakati wa mchezo, na mguu wake mwenyewe wa kushoto haukutulia hata kanisani. Aliandika kwamba michezo mirefu inaua watu, kisha akakushika bega akusimulie habari ya mchezo wa mwaka juzi mpaka ugali unapoa. Alisema kuigiza ni kazi ya watoto, naye aliendesha baiskeli siku mbili kuteremka Msangano, kwenye joto la bonde, kwa sababu alisikia wakulima wa kule wana mzee anayemwigiza karani wa kodi. Alirudi na malaria. Cheti chake cha wiki hiyo aliandika akiwa amelala, na kiliwasifu watu wa Msangano kuliko alivyowahi kutusifu sisi.

Hata Tunduma alikwenda, pale mpakani, ambapo wafanyabiashara wa huku na wa ng'ambo walikuwa wameigiza ugomvi wa sokoni, nusu yake kwa Kibemba. Kibemba hakukijua zaidi ya salamu. Alipobandika cheti, mwenye duka mmoja aliyekuwa amecheza akapanda lori mpaka Igamba kuja kumpinga.

"Wewe mzee, maneno yetu hukuyaelewa," alimwambia. "Umesemaje mke wa muuza samaki ndiye mwongo? Hilo tulilificha mpaka mwisho."

"Wanawake wote wa Tunduma walimkunjia midomo tangu alipoingia," Dresa akasema, akachomeka na neno lao la heshima. "Mimi sikuhitaji Kibemba, mukwai. Nilikuwa na midomo thelathini ya kusoma."

Yule bwana alicheka mpaka akakaa chini, na kabla ya kuondoka alimwachia samaki wakavu.

Mara moja tu alipanda jukwaani mwenyewe. Mfalme wa mchezo wa Krismasi aliamka na tumbo la kuhara, na kwa kuwa Dresa ndiye aliyemkataza kutoka kitandani, Mwalimu Mkuu alisema yeye ndiye atakayevaa taji. Alikuwa na sentensi moja ya kusema. Akaingia, akatutazama, akafungua mdomo, akaondoka. Jumatatu tulikuta mlangoni: "Mgonjwa: Dresa. Anaumwa: woga. Dawa: haijaletwa kutoka Dar es Salaam." Nilimpenda siku hiyo, nakiri.

Lakini kalamu yake iliumiza pia, na sitaki nimfanye malaika. Karani wa godauni aliigiza baba aliyefiwa, akalia machozi ya kweli mbele ya watu. Dresa akaandika kilio kile ni cha kitunguu. Hakujua kwamba karani alikuwa amezika mtoto wake Ikinga miezi miwili nyuma, akarudi kazini bila kumwambia mtu. Alipoambiwa, saa nne asubuhi, wagonjwa wamejaa, alikibandua cheti, akafunga zahanati na kwenda kwa miguu mpaka kwa karani. Walichoongea hawakusema. Karani hakuigiza tena, na hilo Dresa alilibeba. Wiki nyingi mlango ulikaa mtupu. Alipoanza kuandika tena alikuwa kwanza anauliza, "Huyu mtu nyumbani kwake kukoje?"

Sasa nije kwangu. Nilikuwa binti wa Kinyiha niliyesomea ualimu misheni, na mwaka huo nilipewa kucheza Mama Mjane, ambaye mwanawe anakwenda kutafuta kazi migodini ng'ambo na habari za kifo chake zinaletwa na mpita njia. Habari ilipofika nilijitupa chini, nikagaagaa, nikapiga kelele, nikainuka nikakimbia huku na huku. Wanafunzi wenzangu walinipigia makofi. Jumatatu nilikwenda mlangoni kifua mbele. Nikasoma: "Mgonjwa: Mama Mjane. Anaumwa: mikono, macho, miguu, vyote vinakimbia. Dawa: habari ikifika akae kimya mpaka watu waanze kukohoa. Wakikohoa, aendelee kukaa kimya. Arudi."

Niliingia zahanati bila kupiga hodi.

"Bwana Dresa, hukunitazama hata mara moja. Macho yangu umeyaonea wapi?"

Alikuwa anafunga kidonda cha mzee mmoja, hakuacha. "Niliwaona waliokuwa wanakutazama, binti. Walikuwa wanahangaika kama wanaofukuza nzi. Hakuna aliyepata nafasi ya kumlilia yule mtoto. Ulilia wewe kwa niaba ya wote."

"Na mtu akikaa kimya, huo nao ni mchezo?"

"Jaribu. Mimi nitakuwepo."

Mzee wa kidonda akasema, "Mwache mtoto wa watu, Dresa." Nikatoka na hasira zangu. Lakini nililishika hilo neno "arudi," na hilo "nitakuwepo."

Nilijaribu mwaka uliofuata na nikashindwa. Nikinyamaza nahesabu mpaka nne, watu wanakohoa, nami natoka mbio na maneno yangu. Tangu utoto sijui kutulia. Mama alikuwa akinitania kwamba nilizaliwa njiani kwa sababu sikuweza kungoja tufike. Cheti cha pili kilisema: "Dawa imetemwa. Arudi." Cha tatu: "Nusu kijiko imemezwa. Arudi." Nikajua nikipata mwaka mmoja au miwili zaidi nitalipata lile neno.

Ndipo mtoto wa kiume wa Dresa, fundi seremala aliyekuwa akitutengenezea jukwaa, akaleta posa.

Nilimpenda yule fundi, nisingizie nini. Lakini wao ni Wandali wa Ikinga, na shangazi yangu, aliyekuwa na jirani wa Kindali, aliniita jikoni akanieleza ninakoingia. "Kuanzia siku utakapopokelewa, huyo mzee hutamwona uso wala yeye hatauona wako. Mkikutana njiani unaingia majanini na kugeuka. Jina lake hulitaji. Atakayemtazama mwenzake, awe wewe awe yeye, asubuhi yake anapeleka kuku mweupe kukiri kosa."

"Sisi ni Wakristo, shangazi."

"Na wao ni Wakristo. Kuku wanapeleka."

"Na kwenye mchezo?"

Shangazi aliniangalia kama niliyeuliza kama maiti anakula. "Mchezo gani tena? Mkwe ni mkwe."

Nilikaa siku tatu bila kutoa jibu. Mchumba wangu alidhani nina mwingine. Nilipomwambia kinachonizuia ni baba yake, alishtuka kwanza, kisha nilipofafanua alicheka, kisha akaacha kucheka. Akasema nisipotaka ataelewa. Nilikubali kuolewa, na usiku wa kuamkia arusi nililia kwa ajili ya karatasi yenye plasta.

Kuishi na mkwe usiyemtazama ni kazi ya masikio. Dresa alikuwa muungwana. Alipiga kengele ya baiskeli tangu mbali ili nipate muda wa kuingia majanini. Nikiwa nimegeuka, nilimsikia anapita polepole, anakohoa mara moja, basi. Kisha nikiinuka nilikiona kisogo chake kikiteremka mlima, kofia ya khaki imekalia masikio. Nikiugua, dawa ililetwa na mama mkwe. Mara moja nilikata kona ya zahanati na ndoo ya maji kichwani nikakutana naye uso kwa uso. Asubuhi nilipeleka kuku mweupe. Mama mkwe alirudi akaniambia mzee amemshika kuku, amempapasa, akasema, "Mgonjwa mnono."

Michezo niliyocheza aliacha kuja. Ya wengine alikuja, vyeti aliandika, mimi nikiwa mchezaji hakufika. Nilimtuma mume wangu, kisha mama mkwe, kuuliza: kwani yeye si hukaa akitupa mgongo? Sheria inavunjikaje? Mama mkwe alirudi na jibu moja: "Anasema hajiamini."

Nililitafuna jibu hilo vibaya. Nilidhani ananikwepa kwa heshima, kwamba mchezo wangu ni dhaifu na hataki kumuumiza mke wa mwanawe kama alivyomuumiza karani. Niliona uchungu, na kwa uchungu huo niliigiza zaidi. Niliunda kikundi cha wanawake wa kanisa. Tulicheza Mbozi yote. Watu walitupigia makofi, nami kila nilipoinama kushukuru nilitazama pembeni mwa pazia, mahali pa kigoda, nikaona nyasi tu.

Alipostaafu walirudi Ikinga, yeye na mama mkwe. Magoti yalikuwa yamekwisha, baiskeli akampa mume wangu. Miaka ikapita, kumi na mitatu tangu niolewe. Kisha kanisa la kule likatuomba kikundi chetu kiende kucheza sikukuu ya mavuno. Wenzangu walitaka mchezo wa kuchekesha. Mimi nikasema tutacheza Mama Mjane.

Ilikuwa mchana, uwanja wa shule, mikeka mbele, wazee kwenye mabenchi. Nilikuwa nyuma ya pazia nikifunga kitambaa cha ujane niliposikia kikohozi kile kimoja. Nikageukia ukuta wa darasa haraka. Mwenzangu akachungulia.

"Ni mkwe wako," akanong'ona. "Ameshikwa mkono na mkewe. Ana kigoda."

"Anakaa wapi?"

"Hapa hapa pembeni. Anatupa mgongo."

Wote pale walikuwa wa ukoo au jirani wa ukoo, na walikuwa wanangoja kuona mimi nitafanya nini. Mchungaji akatuma mtu kusema tunaweza kuahirisha. Nikamwambia aahirishe yeye mahubiri yake.

Nikatoka. Kisogo kilikuwa pale, hatua tatu kutoka kwangu, nywele nyeupe kabisa, shingo imekonda. Mguu wa kushoto ulikuwa unatikisika kama zamani. Nilicheza nikiwa na ungo wangu, napepeta mahindi, namsubiri mwanangu. Mpita njia akaingia, akavua kofia, akasema alichotumwa kusema.

Nikanyamaza. Niliyakazia macho mahindi kwenye ungo. Nilihesabu mpaka nne na mwili wote ukataka kukimbia. Mtu akakohoa. Mwingine akakohoa. Mwenzangu aliyekuwa mpita njia akaanza kuninong'oneza maneno yangu, akidhani nimeyasahau. Sikuyachukua. Nilichukua punje moja mbovu kwenye ungo nikaitupa, kisha nyingine, kama mtu ambaye lazima chakula kiive hata hivyo. Vikohozi vikaisha. Nikasikia mama mmoja mbele akivuta makamasi, na mwingine, kisha mti wa kigoda ukalia. Sikuinua macho. Kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na haraka ya kwenda popote.

Mchezo ulipokwisha, mwenye kigoda alikuwa ameshaondolewa. Hakuacha neno. Tulilala nyumba ya mchungaji, na mimi nilikesha nikigeukageuka, nikijiambia hata sasa hajapenda, au amependa lakini mkono hauandiki tena. Kulipokucha nilitoka kutazama mlango, mjinga mimi, kama nitakuta karatasi na plasta. Mlango ulikuwa mtupu.

Mama mkwe alikuwa anapanda njia, anahema. Kwapani amebeba kuku mweupe, miguu imefungwa kwa bendeji, kwa fundo bapa alilofungia Dresa vidonda zahanati.

"Ndaga, mwanangu," akanisalimu kikwao. "Mzee ameniamsha alfajiri nikamtafutie huyu. Nimezunguka nyumba tano ndipo nikapata mweupe." Akanikabidhi. "Anasema ana kosa kwako. Anasema wewe unalijua."

Nilimshika kuku. "Aligeuka?"

"Shingo nzima. Mimi nilikuwa namtazama yeye, si wewe. Nikamvuta shati, hakusikia."

"Aligeuka wakati gani, mama?"

Alifikiri huku akijifuta jasho kwa ncha ya kanga. "Pale uliponyamaza," akasema. "Walipoacha kukohoa."